Bastola ya .22 na risasi zake: namna ya kupima ni zipi hazitakuangusha

Mtu akikuambia bastola yake ya .22 haijawahi kukwama, muulize maswali mawili: umepiga risasi gani, na umepiga ngapi? Wengi watataja boksi moja au mawili waliyomaliza siku moja uwanjani. Hayo hayatoshi. Bastola iliyopita boksi la risasi 50 bila tatizo inaweza kukusumbua kwenye boksi la pili, na bastola unayodhani ni mbovu inaweza kutulia siku hiyohiyo ukibadilisha risasi tu. Nimepima bastola hizi mara nyingi, zangu na za wenzangu wa uwanjani, na kila mara nimefika palepale: tunachopima ni jozi, yaani bastola hii na risasi hii, magazini hii (kisanduku kinachobeba risasi) ikiwa ndani. Mwongozo huu ni wa kuitafuta jozi hiyo kwa utaratibu, ili bastola ikikwama ujue kosa limetoka wapi.

Kwa nini .22 huchagua risasi

Risasi ya .22 LR (Long Rifle), ndiyo .22 tunayoizungumzia hapa, ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya Stevens ya Marekani, na mpaka leo umbile lake ni lilelile. Fataki yake, yaani kilipuzi kinachowasha baruti, haikai katikati ya kitako kama ilivyo kwenye risasi za bastola kubwa. Imo ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda. Kiwandani fataki huwekwa ikiwa mbichi, kisha huzungushwa kwa kasi ili isambae ukingoni pote. Isiposambaa sawasawa, hubaki kipande cha ukingo kisicho na kitu. Pini ya kufyatulia ikigonga hapo, utasikia "tak" na basi. Ndiyo maana hata risasi nzuri za .22 hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko zile zenye fataki ya katikati.

La pili ni nguvu. Bastola nyingi za .22 zinazojijaza zenyewe hazina kufuli ya kufunga chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Gesi inasukuma ganda nyuma, ganda linaisukuma slaidi (kipande cha juu kinachokwenda na kurudi), na kinachoizuia slaidi ni uzito wake na springi peke yake. Mtengenezaji amepima uzito huo na springi hiyo kwa risasi za nguvu fulani. Ukiweka iliyo dhaifu, slaidi hairudi hadi mwisho: ganda linabaki kwenye mlango wa kutolea maganda, au risasi inayofuata haichukuliwi. Ukiweka iliyo kali mno, slaidi huenda na kurudi kwa kasi kiasi kwamba magazini haiwahi kuipandisha risasi inayofuata, na chemba inafungwa ikiwa tupu.

La tatu ni umbo. Ukingo wa .22 umechomoza nje ya ganda. Ndani ya magazini, ukingo wa risasi ya juu unatakiwa ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma yake, zinashikana na hakuna inayosogea. Halafu kichwa chenyewe ni cha madini laini ya risasi (lead), pengine kimepakwa nta, pengine kimefunikwa utando mwembamba wa shaba, pengine kina tundu mbele. Kila moja kati ya hivyo huteleza kwa namna yake kwenye mteremko wa kuingilia chemba.

Kwa upande wa kasi, risasi za .22 LR huangukia makundi matatu. Za kawaida huwa na kichwa cha greni 40, sawa na gramu 2.6, na huenda takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Za kasi huenda mita 365 hadi 390, zikiwa na kichwa cha greni 36 hadi 40. Za kasi kupindukia huwa na kichwa chepesi zaidi na huvuka mita 425. Namba hizi zinazochapishwa kwenye boksi kwa kawaida zimepimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki. Mtutu wa bastola ni mfupi, kwa hiyo kasi yako itakuwa ndogo. Risasi iliyoandikwa "ya kasi" inaweza kutoka kwenye bastola ikiwa na kasi ya zile za kawaida.

Usalama kwanza, hasa kwa sababu unatafuta hitilafu

Siku ya kawaida uwanjani unatumaini bastola haitakwama. Siku ya kupima unatarajia ikwame, tena mara kadhaa, na mikono yako itakuwa inaikwamua ikiwa bado na risasi ndani. Kwa hiyo kidole kikae nje ya kifyatulio, mtutu uelekee shabaha muda wote, miwani ya kinga na vizibo vya masikio visivuliwe. Mweleze msimamizi wa uwanja kabla ya kuanza kwamba unapima bastola, asije akashangaa kukuona umesimama kimya sekunde 30 huku umelenga.

Sekunde hizo 30 zina kazi. Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, usikimbilie kukoki. Inawezekana fataki inaungua polepole na mlipuko uko njiani. Subiri mtutu ukiwa umeelekea shabaha, hesabu hadi 30, ndipo utoe.

Hatari kubwa zaidi ni mlio dhaifu: "pufu" badala ya "pa", na shabaha haina tundu jipya. Maana yake kichwa cha risasi huenda kimekwama katikati ya mtutu. Hapo mazoea yako ndiyo adui, kwa sababu mkono uliozoea kukoki haraka utaingiza risasi nyingine nyuma ya ile iliyoziba. Ukisikia mlio usioeleweka, simama. Toa magazini, toa kilichomo chembani, fungua bastola na upitishe ufito mtutuni hadi uone mwanga upande wa pili. Usipige nyingine kabla ya hapo, hata kama una hakika ya asilimia tisini kwamba ni sawa.

Madini ya risasi ni sumu, na fataki nyingi za .22 zina madini hayo pia. Risasi mia tano ni vumbi na moshi wa kutosha. Pima mahali penye hewa inayopita, usile wala usivute sigara ukiwa katikati ya kazi, na ukimaliza nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chochote.

Andaa bastola

Soma kwanza kijitabu cha bastola yako. Watengenezaji wengine husema wazi ni kundi gani la risasi bastola imetengenezewa, na wengine hukataza kundi fulani. Ukipima risasi iliyokatazwa hujapima kitu. Umeharibu chombo tu.

Safisha bastola vizuri, halafu paka mafuta kidogo kwenye reli za slaidi. Nasema kidogo kwa kumaanisha. Mafuta mengi yakichanganyika na masizi na nta ya risasi hugeuka uji mzito, na uji huo ukiingia kwenye njia ya pini utazaa hitilafu utakayoilaumu risasi bure.

Kisha kagua ukingo wa chemba. Bastola nyingi za .22 hazipendi kufyatuliwa tupu, kwa sababu pini ikikosa ukingo wa ganda inaweza kugonga chuma cha chemba na kuacha kinundu kidogo. Ukiwa uwanjani, mtutu ukiwa umeelekea pahali salama na magazini iko nje, fungua slaidi, dondosha risasi moja chembani kwa mkono, kisha itoe. Inatakiwa iingie kwa uzito wake na kukaa. Kwenye chemba finyu za bastola za mashindano huenda ukahitaji kuisukuma kidogo kwa kidole gumba, na hilo ni la kawaida. Ikigoma mahali palepale kila mara, pitisha ncha ya kijiti cha meno ukingoni pale pini inapofikia. Kinundu utakisikia kabla hujakiona. Peleka kwa fundi wa bunduki kabla ya kuendelea.

Bastola mpya ina jambo lake. Vyuma bado havijazoeana na springi bado ni ngumu. Piga risasi 150 hadi 200 za kasi kwanza, andika yanayotokea, lakini usiyaingize kwenye hesabu ya jaribio.

Mwisho, zipe magazini zote namba. Nukta za rangi chini yake zinatosha: nukta moja, nukta mbili. Ukiruka hatua hii huwezi kabisa kutenganisha kosa la magazini na kosa la risasi, na kwa uzoefu wangu magazini ndiyo hubeba lawama nyingi za kweli. Tazama midomo yake, yaani kingo za juu zinazoshika risasi, kama imepinda, bonyeza kisukumio cha ndani uone kama kinapanda bila kukwaruza.

Chagua risasi na uzikague

Aina tano zinatosha. Zaidi ya hapo utachoka kabla hujapata jibu. Mimi huchukua moja ya kasi ya kawaida yenye kichwa cha greni 40 kisicho na shaba. Moja ya kasi, greni 40, kichwa cha mviringo chenye utando wa shaba. Moja ya kasi yenye tundu mbele, greni 36. Moja ya zile rahisi zinazouzwa kwa wingi zikiwa zimemwagwa tu ndani ya boksi. Na ya tano ni ile ambayo mwenye bastola anataka kuitumia, iwe yoyote. Zipe herufi A hadi E. Za kasi kupindukia siziingizi mpaka kuwe na sababu, na uangalie: CCI Stinger, kwa mfano, ina ganda refu kuliko .22 LR ya kawaida na haifai kwa chemba finyu za mashindano.

Nunua za bechi moja. Namba ya bechi imechapwa kwenye boksi au kwenye kifuniko cha ndani, iandike. Risasi zenye jina moja na boksi moja lakini bechi tofauti zinaweza kuwa na tabia tofauti, na katika .22 tofauti hiyo si ndogo.

Zimwage juu ya kitambaa cheupe, aina moja kwa wakati. Shika kila risasi, ujaribu kukizungusha kichwa kwa vidole bila kutumia nguvu. Kikicheza au kikiinama upande, weka kando. Tazama ukingo kama ni mviringo kamili, tazama ganda kama limebonyea. Zile zilizomwagwa kwa wingi huwa na vichwa vilivyogongana na kuchubuka. Zilizo mbovu waziwazi usizipige, ila hesabu umetoa ngapi. Kiwanda kilichokupa nne mbovu katika mia moja kimekwisha kukwambia jambo kabla hujafyatua hata moja.

Karatasi ya kumbukumbu

Usitegemee kichwa chako. Baada ya risasi ya mia mbili utakumbuka ukwamaji uliokukera na kusahau uliobaki. Chora safu hizi: namba ya raundi, herufi ya risasi, namba ya magazini, risasi ya ngapi ndani ya magazini, kilichotokea, na slaidi ilisimama wazi mwishoni au la. Mstari mmoja utasomeka hivi: "Raundi 3, C, magazini 2, risasi ya 7, ganda limesimama mlangoni, slaidi ilisimama mwishoni ndiyo."

Nakusihi utafute mtu wa kukuandikia. Unayefyatua hutaona vizuri ganda limeruka wapi, na ukiweka bastola chini kila mara uandike, mwendo wako unavunjika. Mwandishi akae nyuma yako upande usiorusha maganda, naye avae miwani na vizibo.

Safu ya "risasi ya ngapi" watu huidharau. Isidharauliwe. Risasi ya kwanza ikigoma mara kwa mara, springi ya magazini imebanwa mno au midomo yake haiko sawa. Ya mwisho ikigoma, springi imechoka. Ikigoma yoyote bila mpangilio, mkondo unaelekea kwenye risasi au bastola.

Hatua ya kwanza: risasi 500 kwa mzunguko

Kosa kubwa ninaloliona ni kumaliza A yote, kisha B yote, mpaka E. Bastola ya .22 huchafuka haraka. A inapigwa ikiwa safi, E inapigwa ikiwa imejaa masizi na nta ya wenzake wanne. E ikikwama, umeihukumu kwa uchafu wa wengine. Dawa yake ni kuzichanganya kwa zamu.

Kila raundi utapiga aina zote tano, kila aina magazini mbili za risasi 10, moja kwa magazini namba 1 na nyingine kwa namba 2. Hizo ni risasi 100 kwa raundi. Fanya raundi tano, kwa mpangilio huu:

Raundi ya 1: A, B, C, D, E
Raundi ya 2: C, E, A, B, D
Raundi ya 3: D, A, E, C, B
Raundi ya 4: B, C, D, E, A
Raundi ya 5: E, D, B, A, C

Ukiukagua mpangilio huu utaona kila aina imekuwa ya kwanza mara moja, ya pili mara moja, hadi ya tano. Mwishoni kila moja imepigwa risasi 100, nusu yake kwa kila magazini, na imeonja bastola ikiwa safi na ikiwa chafu sawa na nyingine. Usisafishe katikati. Ukigawa kazi kwa siku mbili, iache bastola na uchafu wake mpaka ya pili.

Jaza magazini bila haraka. Magazini nyingi za .22 zina kifungo cha kushusha kisukumio, na vidole huona raha kukivuta chini kabisa na kudondosha risasi ovyo. Hapo ndipo kingo hushikana. Shusha kifungo kidogo tu, nafasi ya risasi moja, iweke ikielekeza pua juu kidogo, kisha nyingine. Ukimaliza, gonga mgongo wa magazini kiganjani mara moja na utazame: risasi zipangike kama ngazi, kila moja mbele kidogo ya iliyo chini yake.

Piga kwa mshiko wako wa kawaida, mikono miwili, kifundo kikiwa imara. Slaidi inahitaji kitu cha kuegemea inaporudi. Mkono ukilegea, fremu (mwili wa bastola unaoushika) inarudi nayo na nguvu inapotea. Risasi nane za kwanza piga kwa utulivu, mbili za mwisho piga haraka moja baada ya nyingine. Katika bastola ya haraka ya mita 25 ya Olimpiki, ambayo hutumia risasi hizihizi, mlengaji hupiga tano kwa sekunde 8, kisha tano kwa sekunde 6, kisha tano kwa sekunde 4. Kwenye sekunde 4 ndiko bastola inakojulikana, na wewe pia unataka kuiona ikiharakishwa.

Angalia maganda yanaangukia wapi. Aina inayorusha maganda kwenye rundo moja umbali wa hatua moja au mbili inafanya kazi kwa utulivu. Yakianza kudondokea miguuni, nguvu ni ndogo na ukwamaji uko karibu, hata kama bado haujatokea.

Kuita kila hitilafu kwa jina lake

"Imekwama" si taarifa. Kabla ya kugusa chochote, tazama kilichopo dirishani, yaani kwenye ule mlango wa kutolea maganda, umwambie mwandishi.

Ganda tupu likisimama wima dirishani kama bomba la jiko, limetoka chembani ila halikurushwa. Mara nyingi risasi ni dhaifu, au mkono umelegea, au kirushio kinacholitupa ganda nje kimechakaa. Ganda likibaki chembani kabisa huku slaidi imefunguka, kagua kulabu inayolivuta ganda kutoka chembani: uchafu kidogo chini ya makucha yake unatosha kuifanya iteleze. Risasi mpya ikiinua pua na kugonga juu ya chemba, au ikijikita chini ya mteremko, tazama magazini na umbo la kichwa. Vichwa bapa vyenye tundu hujikita zaidi kuliko vya mviringo, na alama itakuwepo kwenye pua. Slaidi ikisimama milimita mbili kabla ya kufunga, chemba ni chafu au kichwa ni kinene kwa chemba hiyo. Usiifinye kwa dole gumba. Toa risasi uitazame. Slaidi ikifunga kwenye chemba tupu ilhali magazini ina risasi, amua kwa maganda: yakianguka mbali, risasi ni kali au springi ya magazini imelegea, yakianguka karibu, slaidi haikufika nyuma.

Risasi isiyolipuka inastahili muda zaidi, kwa kuwa hapo ndipo watu hukosea sana. Baada ya zile sekunde 30, itoe, uiweke kiganjani kando ya ganda lililolipuka la aina ileile. Zielekeze kitako kwenye mwanga. Utaona kila moja ina alama ndogo ya mstatili au nusu duara ukingoni. Kama alama ya iliyokataa ina kina sawa na ya iliyolipuka, pini ilifanya kazi yake na kosa ni la risasi. Kama ni mkwaruzo tu, kama ukucha uliopita juu ya shaba, pini haikuwa na nguvu: njia yake ni chafu, springi yake imechoka, au slaidi haikufunga hadi mwisho na sehemu ya pigo ikapotea kuisukuma ikae.

Kanuni za uwanja zikiruhusu, irudishe chembani mara moja tu, ukiigeuza ili pini ipige upande wa pili wa ukingo. Ikilipuka, na alama ya kwanza ilikuwa ya kina, umepata ile sehemu isiyo na fataki. Ikikataa tena, iweke kwenye chombo cha risasi mbovu cha uwanja. Usiijaribu mara ya tatu, wala usiitupe takatakani.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuja na bastola aliyosema inachukia aina moja ya risasi. Tulipopanga zilizokataa kwenye ubao, alama zote zilikuwa hafifu, na zilizolipuka nazo hazikuwa na kina kikubwa. Tulifungua njia ya pini, akaingiza kijiti chenye pamba, kikatoka na uji mweusi mzito kama lami. Risasi aliyoichukia ilikuwa na ukingo mgumu kuliko nyingine, ndiyo maana ilikuwa ya kwanza kulalamika. Baada ya kusafisha ikapita kama nyingine zote.

Kusoma matokeo bila kujidanganya

Hesabu kila hitilafu mahali pake. Kama kumi kati ya kumi na mbili ni za magazini namba 2, na zimegawanyika kwa aina zote, risasi hazina hatia. Ondoa magazini hiyo, upige tena sehemu yake kwa nyingine. Kama hitilafu zinaongezeka raundi baada ya raundi kwa aina zote, bastola inahitaji kusafishwa mapema kuliko ulivyofikiri. Zikiifuata herufi moja kwenye magazini zote na raundi zote, hapo ndipo unaweza kuitaja risasi.

Sasa swali la ngapi zinatosha. Kuna kanuni rahisi ya hesabu: ukipiga risasi kadhaa bila hitilafu hata moja, gawa 3 kwa idadi hiyo, nawe utapata kiwango cha juu cha hitilafu ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 safi: bado inawezekana jozi yako inakwama hadi mara 6 katika 100. Risasi 100 safi: hadi 3 katika 100. Risasi 300 safi: hadi 1 katika 100.

Litazame kwa upande mwingine. Jozi inayokwama mara 2 katika kila risasi 100, kiwango cha kukera kweli, ina nafasi ya zaidi ya theluthi moja ya kupita risasi 50 bila kukwama hata mara moja. Kati ya watu watatu wanaopima jozi kama hiyo kwa boksi moja, mmoja ataisifia kwa bahati tu.

Kwa sababu hiyohiyo usizitenganishe aina zilizokaribiana. Katika risasi 100, hitilafu 1 na hitilafu 3 ni kitu kimoja. Kesho zinaweza kubadilishana. Hitilafu 1 na hitilafu 12 ni habari nyingine. Hatua ya kwanza kazi yake ni kuondoa zilizoshindwa waziwazi na kukuachia moja au mbili za kwenda nazo mbele.

Hatua ya pili: risasi 300 za aina uliyochagua

Safisha bastola. Chukua aina iliyobaki, upige 300 bila kusafisha tena. Mia ya kwanza piga kama kawaida. Mia ya pili ibane: magazini mbili kwa mkono mmoja, mbili kwa mkono dhaifu, mbili zilizojazwa hadi mwisho, na nyingine apige mtu mwenye mkono tofauti na wako. Kama risasi inapita mkononi mwako tu, iko ukingoni mwa nguvu inayohitajika na siku ya baridi itakuangusha, maana baridi huifanya nta kuwa ngumu na mafuta kuwa mazito. Mia ya tatu iwe ya bechi nyingine ya aina ileile, kama unaweza kuipata.

Ikitokea hitilafu moja, usiivunje hesabu wala usiifiche. Iandike, itafutie sababu, na kama sababu ni ya magazini au ya mkono, rekebisha kisha piga 300 nyingine. Inauma, najua. Lakini ukiamua kwamba "ile haihesabiki" bila sababu uliyoiona kwa macho, umefuta jaribio lote.

Usahihi wa kulenga upime baada ya hapa, si kabla. Makundi matano ya risasi tano kwa mita 25, bastola ikiegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, yatakuonyesha ya kutosha. Zikibaki aina mbili zinazopita, kundi dogo ndilo liamue.

Baada ya jaribio

Safisha chemba, kulabu na njia ya pini siku hiyohiyo, kabla nta haijakauka. Ndani ya kifuniko cha sanduku la bastola bandika karatasi: aina ya risasi, namba ya bechi, magazini zilizopita, tarehe, na idadi ya risasi ambayo bastola ilianza kuonyesha uchovu wa uchafu. Ukinunua bechi mpya, piga 100 kwanza kabla ya kuitegemea. Ukibadilisha springi yoyote, rudia hatua ya pili.

Na bechi iliyopita jaribio usiimalize yote. Bakiza boksi moja la risasi 50, lifunge kwenye mfuko mkavu na uliandike tarehe. Siku bastola itakapoanza kukwama na hujui kama kosa ni la risasi mpya au la chombo, hilo boksi ndilo utakalolifungua kwanza.